Kaburi la Baba Upande wa Pili wa Waya

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Tulikuzika Ijumaa mchana, na mvua haikunyesha. Naanza na hilo kwa sababu ungeuliza kwanza kama wageni walilowa. Hawakulowa. Walikula wakashiba, na dada zako kutoka Oltepesi walilala kwetu.

Ulipofariki hospitalini Kitengela, Saitoti na mimi tuligawana kazi palepale kwenye veranda. Kaka yangu alichukua chifu, kibali cha mazishi na gari la kukuleta nyumbani Isinya. Mimi nikachukua mochari, jeneza na nguo. Nilichagua lile gauni la samawati la kanisa. Mhudumu aliniuliza kama ushanga utabaki. Nikamwambia ubaki wote, hata ule wa sikio uliokatika ukaurekebisha na uzi wa nailoni.

Kazi moja tu hatukuigawa: mahali pa kuchimba. Ulituambia wazi, "Mniweke kando ya baba yenu." Lakini Saitoti alipouza kile kipande cha mbele cha shamba, mpima ardhi alipiga vigingi vyake na kaburi la baba likaangukia kwa Mama Mutua, jirani aliyekinunua, hatua chache tu ndani ya waya. Saitoti aliona, akanyamaza. Wewe hukumgombeza. Ulisema tu, "Baba yako hajahama. Ardhi ndiyo imehama," halafu jioni ukawa unasimama wayani ukimsalimia. Nikija wikendi nilikukuta hapo, umeegemea kigingi, unamweleza ng'ombe gani anaumwa.

Saitoti alikataa kwenda kumwomba Mama Mutua. "Nitamwangalia na macho gani?" aliniuliza. Kwa hivyo nilienda mimi. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Alinipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi, Nashipai," alisema. "Hii shamba ndiyo niko nayo ya kuachia watoto. Kaburi moja nililikuta, nikanyamaza. Nikiongeza la pili, wataniuliza nilikuwa nafikiria nini."

Ilikuwa haki yake. Nilimshukuru kwa chai, nikarudi kumwambia Saitoti tuchimbe upande wetu, karibu na waya kadiri tunavyoweza. Vijana wa boma walikuja Alhamisi kusaidia, lakini Saitoti alishika jembe akakataa kupokezana. Viganja vilimtoka malengelenge.

Ijumaa asubuhi, kabla tenti hazijasimama, nikasikia nyundo. Mama Mutua alikuwa wayani na fundi wake, wanang'oa vigingi.

"Leo asilale na waya katikati," aliniambia. Kisha akaenda kusaidia wamama kumenya viazi. Tulipokuteremsha, watu walisimama wakizunguka makaburi yote mawili, na pasta akaomba akiwa katikati yenu.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kurudisha waya. Aliipitisha nyuma ya kaburi la baba, si mbele yake. Nilitoka mbio kumwambia amekosea.

"Hajakosea," alisema Mama Mutua, aliyekuwa amesimama hapo. "Hiyo sehemu singepanda kitu. Sasa iko kwenu. Watoto wangu nimewaambia."

Saitoti alitoka zizini akaja akasimama mbele yake. Basi akainamisha kichwa, mwanaume mzima vile, kama mtoto wa kwetu anayemsalimia mkubwa ili aguswe kichwani. Na Mama Mutua, Mkamba wa watu, akamwekea mkono kichwani. Nadhani alikuwa amekuona ukifanya hivyo.

Mimi bado niko hapa. Kazini Kitengela wamenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Saitoti ameanza kula vizuri. Silii mbele ya watu, unanijua. Leo asubuhi nilikuwa natafuta chumvi ya ng'ombe, nikatoka mlangoni nikakuita kwa sauti kukuuliza umeiweka wapi. Mbwa ndiye aliyegeuka kuniangalia. Nilikaa chini kidogo hapo kwenye ngazi. Kisha nikavaa viatu, nikaenda dukani kununua nyingine.

Olesere, kwaheri, Yeyo. Lala vizuri karibu na mume wako.

Mimi binti yako wa kwanza,
Nashipai