Kamera Isiyo na Mwenzake Roret

Roret, 4 Machi 1996

Kwa mtoto wangu Chepngetich,

Chamgei? Huku ni mvua na mgongo tu, mengine ni mazuri. Wewe unakula? Usinidanganye.

Nina shida ya studio. Mwezi jana nilipiga harusi na flashi zote mbili za marehemu baba yako, ile ya pili nikaisimamisha kando kwa waya mrefu. Mke wa pasta alijikwaa kwa waya akaanguka pamoja na keki. Ogari wa Chepilat, huyo mpiga picha mwenye koti la ngozi na kichwa tupu, alicheka mpaka akakaa chini. Sasa shemasi Ogoti amesema waya hautaingia kanisani tena. Binti yake Drusilla anaolewa tarehe 20 Aprili, na upande wa bwana harusi wanaleta Ogari. Shemasi ataangalia picha zetu wote wawili, na atakayemfurahisha ndiye atapiga harusi zote za kanisa. Nikishindwa nafunga studio, narudi kuchuma majani chai ya watu na huu mgongo.

Nasikia iko kitu ya kuwasha flashi ya pili bila waya, inakaa juu ya kamera. Lakini unajua kamera yetu, ile baba aliachiwa na mzungu wa majani: reli yake ya juu, pale flashi inaingizwa, si kama ya kamera zingine. Nimeichora kwa karatasi, vile nilikuwa nachora mguu wako baba akienda Kericho kununua viatu. Zungusha huo mchoro kwa maduka.

Ni mimi mama yako.

Nairobi, 20 Machi 1996

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima na ninakula. Nimemaliza saa za lunch siku nne kwa maduka ya kamera. La kwanza walicheka. La pili waliitana ili wacheke pamoja. La tatu waliniuliza kama huo mchoro ni wa kufuli. Mama, hiyo ni takataka, ndiyo maana mzungu aliiacha. Uza. Na harusi ya Roret, nani ataangalia mambo ya mwangaza? Watu wanataka kuona suti zao tu.

Binti yako.

Roret, 26 Machi 1996

Mtoto wangu,

Pole kwa kuchekwa. Kikohozi kimeisha? Hao watu wanauza kamera na hawajui kamera, wanajua kupangusa kioo cha duka. Na hiyo takataka ndiyo ilikulipia karo mpaka ukajua kuandika neno takataka. Achana na maduka. Tafuta fundi.

Mama yako, na sijakasirika.

Nairobi, 12 Aprili 1996

Mama,

Salamu. Nimepata fundi, anaitwa Omwenga, anakaa chini ya ngazi za jengo. Hakucheka. Alichukua kiwashio cha mtumba akakitengenezea mguu mpya, akafuata mchoro wako bila kupunguza kitu. Kiko kwa basi. Usiniulize tena habari ya kamera.

Binti yako.

Roret, 22 Aprili 1996

Chepngetich,

Unaendeleaje, mtoto wangu? Kiwashio kilifika. Kinacheza ndani ya reli, hakishiki. Omwenga hana makosa. Nilipochora niliongeza kidogo, kama ya viatu, mtoto akikua. Mkono ulikuwa umezoea. Najua kamera haikui, usinicheke.

Nilikibonyeza na kidole gumba harusi nzima, ndipo flashi ya kando ikawaka. Ogari akasema mbele ya watu, "Mama, hiyo kamera iko na homa, mbona unaishika kichwa?"

Nikamwambia asogee, kivuli chake kinaniharibia ukuta wa picha.

Filamu ndiyo hii, peleka waoshe. Chakula hakipiti mpaka nione.

Mama.

Roret, 20 Mei 1996

Mtoto wangu,

Picha zilifika, asante, ingawa barua hukuweka. Uko mzima kweli?

Shemasi alizipanga mezani pamoja na za Ogari. Zangu nane ni giza, kidole kilichoka. Lakini za Ogari, mwenye flashi moja tu, bibi na bwana ni weupe kama unga na nyuma yao ni giza la shimo. Wakwe walikuja lori nzima kutoka Nyamira na hakuna hata mmoja anayeonekana. Kwa zangu wako wote mpaka benchi ya mwisho, na nyanya mmoja anapiga miayo. Mama ya bwana harusi alimrudishia Ogari zake akamwuliza, "Watu wetu wa lori tuliwalisha. Wako wapi?"

Shemasi amenipa harusi tatu za Agosti.

Ogari anataka nimwazime kiwashio, hajui hakiwezi kuingia kwa kamera nyingine. Leo amepita mlangoni mara tatu na koti lake. Mimi nafagia tu.

Mama yako.