Kifua cha Sesilia

Jumatatu, 2 Juni
Sesilia kakohoa tena tangu alfajiri. Nimempa kijiko chake cha asali. Kakimbilia nyuma ya bibi yake. Nimemkamata, kameza huku analia. Nusu saa baadaye katapika, kalala kama kitambaa kilicholowa. Kifua kinamchemka kama sufuria ya maharage. Miaka minne tu, na nimonia nimeacha kuzihesabu.

Mjukuu wa mrina asali, anakataa asali. Nimemwambia Mama Yusta labda tulibadilishiwa mtoto wodini. Mke wangu huyo hana adabu. Kasema aliyebadilishwa ni mimi, maana wengine wote humu ndani wana akili.

Alhamisi tunakwenda hospitali, kuna daktari wa utafiti kaja.

Alhamisi, 5 Juni
Bodaboda kutoka kwetu Ilembo hadi hospitali, vumbi hadi kwenye meno. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Rehema, katoka Dar. Anatafuta watoto ambao vifua vyao haviponi na miili yao haielewani na chakula. Kasema magonjwa mengine mtu anazaliwa nayo, yanatoka kwa wazazi. Nimemwita mchumba. Kacheka, kisha kanichoma maswali saa nzima. Nani alikufa mdogo? Nani alikuwa anatapika? Nikamwambia hata ng'ombe wa Wasukuma hawaulizwi ukoo wao hivyo.

Jumanne mtoto aende na njaa. Asile kitu tangu usiku, wapime damu.

Jumanne, 10 Juni
Hajala kitu. Nimemlinda mwenyewe, Mama Yusta nimemfukuza jikoni na uji wake. Nimempa dawa ya kifua tu, tukaondoka.

Kwenye benchi Sesilia kaanza kutoka jasho. Mikono baridi. Macho yakageuka juu. Wakapima, sukari imekwisha mwilini. Wakamtundikia dripu, karudi. Daktari kaniuliza mara tatu, babu, amekula? Mara tatu nimesema hajala. Anaandika, anafuta. Vipimo havipatani, anasema. Njaa ya usiku mmoja haimwangushi mtoto hivyo.

Nina hasira. Tunachomwa sindano, tunaulizwa marehemu, na kifua kiko vilevile. Utafiti gani huu? Mimi nikitafuta nyuki nawapata siku hiyohiyo.

Jumatatu, 16 Juni
Wamerudia. Mambo yaleyale, jasho, baridi, dripu. Nimemfokea Daktari Rehema mbele ya watu. Nimesema nyie wasomi mnamuua mtoto kwa njaa. Machozi yalimlenga. Nimejisikia vibaya hadi nafika nyumbani, lakini sikurudi kumwambia.

Alhamisi, 19 Juni
Daktari Rehema kaja nyumbani alfajiri, hata hajanywa chai. Anataka kuona mtoto anaamkaje. Haya, kaa uone. Kanikuta nimeshika kijiko.
– Babu, hicho nini?
– Dawa.
– Dawa gani?
– Asali, mchumba. Ya msitu wa miombo, si hiyo yenu ya dukani.
– Si ulisema hajala?
– Hajala! Asali ni chakula? Nani alishawahi kushiba asali?

Kakichukua kijiko mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kakaa kwenye kigoda. Akila embe, je? Anatapika. Soda? Anaitema. Muwa? Haugusi. Kwetu tunasema ana madeko.

Kanieleza polepole. Kuna watu wanazaliwa miili yao haiwezi sukari ya asali na matunda. Kwao ni sumu. Mtoto anatapika, anaishiwa nguvu, akiwa amelala matapishi yanaingia kwenye mapafu. Hapo ndipo inapotoka nimonia. Bado anakisia, damu itakwenda Dar. Lakini kuanzia leo asionje.

Kila alfajiri. Miaka miwili. Kwa mkono huu.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Yusta hanitanii. Heri angenitukana.

Jumatano, 2 Julai
Majibu bado. Eti mashine, eti foleni. Nimekwenda hospitali mara mbili bila kuitwa, mlinzi sasa ananiita mfanyakazi. Sesilia anakula ugali na dagaa, anaomba mwingine. Sijamwambia mama yake. Binti yangu Yusta yuko Kapalamsenga, ziwani, anauza samaki, kila akipiga nampa simu Mama Yusta, nasema naenda chooni. Atafikiri baba yake anaharisha.

Jumanne, 15 Julai
Majibu yamefika. Ndio ugonjwa wenyewe. Nusu imetoka kwa Yusta, nusu kwa yule dereva wa lori aliyempa mimba akapotea. Zawadi pekee aliyowahi kuleta. Wamepima na damu yangu, na mimi ninayo hiyo nusu, ndiyo niliyompa Yusta. Nilidhani nimewarithisha pua tu.

Nimemwomba Daktari Rehema radhi. Kasema hata yeye alikosea, aliuliza chakula, hakuuliza dawa. Kasema atalibadilisha swali kwenye fomu zake zote.

Jumapili, 20 Julai
Mchana, baada ya misa. Nimempigia Yusta mwenyewe. Nimemwambia yote, kijiko, alfajiri, mimi. Nikasikia wanawake wakigombea bei ya samaki wa migebuka huko kwake, kisha akauliza, baba, anakohoa?

Sesilia alikuwa amelala mkekani. Nikapiga goti, nikaiweka simu karibu na kifua chake. Tukasikiliza wote wawili. Hapakuwa na cha kusikia zaidi ya pumzi yake.