Babu na Mgeni Wamesemezana

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, mwezi wa nane

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kufuata waya. Nyumba nayo nzima, imekuwa kubwa tu kwa mtu mmoja.

Nianze na la kukuchekesha. Babu na Mgeni wamesemezana. Babu unamkumbuka, ile kompyuta ya kahawia ya chumba cha nyuma, tuliyoigombania mpaka mama akatupangia zamu. Mgeni humjui, nilimwokoa karakanani walipotaka kumtupa. Naye mzee, ila si kama Babu, na kila mmoja ana mfumo wake. Diski ya Babu ukimpa Mgeni, anakuambia haina kitu.

Sikuwa nacheza. Babu ameanza kukwaruza tumboni, na humo ndimo ulimo ule mchezo wetu wa nyumba. Hauna picha hata moja, unakumbuka? Unaandika "nenda jikoni", nao unakujibu jikoni kuna nini na mama anasema nini. Mimi niliandika vyumba, wewe ukaandika maneno ya watu, maana mdomo ulikuwa kazi yako. Tangu tumzike mama, ni humo tu anamosema kitu. Sikutaka anyamaze mara ya pili.

Kumsogeza Babu sikuthubutu, kwa hali yake ile. Nikavuta waya kutoka kwake, ukapita koridoni mpaka kwa Mgeni sebuleni. Sharti la njia hiyo, anayepokea awe ameshakaa tayari kabla mwenzake hajatuma. Asiposikia kitu upesi, anakata tamaa na kuandika "Hakuna jibu". Basi namweka Mgeni tayari, nakimbia nyuma kumwamuru Babu, nikirudi nakuta Mgeni keshasusa. Enzi zile ungekaa wewe sebuleni, ukapaza sauti "Tayari, Bisibisi, tuma!" mpaka majirani wakajua. Juzi nilijikuta nimesimama koridoni nangoja kuisikia. Nilijionea huruma, sikufichi.

Fundi redio wa jirani alipita akanikuta natweta. "Sasa kaka, mbio zote hizo za nini? Si umwambie huyo asubiri bila kikomo, yaishe?" Kumbe mpangilio huo upo. Nikauweka, nikatembea taratibu kama mtu mwenye heshima zake, na maneno yakapita.

Yalifika yote, ila yamebanana mstari mmoja, kwa kuwa Babu anamaliza mstari kwa alama moja na Mgeni anataka mbili. Mama akawa anaongea bila kuvuta pumzi, kama Shangazi akishika simu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa kuandika programu fupi ya kumrudishia vituo vyake.

Jana mchana nikaandika "nenda jikoni". Mama akasema, "Viatu nje, sakafu haijakauka." Sakafu ya kweli ina vumbi, hata tambara halijapita. Lakini nilivivua.

Humo humo mchezoni nikaenda chumba cha nyuma, kile kimoja ulichokiandika wewe peke yako. Pale pameandikwa, "Chiriku hayupo. Mwite." Nikakuita. Mchezo ukajibu, "Anakuja, anatafuta kiatu kimoja." Nikakuita tena, bado unatafuta kiatu. Niliita mara nyingi, Chiriku. Ulikuwa utani wa kuchelewa kwako, najua, lakini jana sikuona cha kuchekesha.

Sikulaumu. Najua unaogopa kuikuta nyumba bila mama. Mimi naamka ndani yake. Simu zako zimekuwa adimu na mimi nina upweke, ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo.

Diski niliyofunga humu ni ya Mgeni, na kompyuta ya shemeji, yenye mfumo kama wake, itaisoma. Wapwa zangu waingie jikoni wamsikie bibi yao, na viatu wavue.

Shangazi anakusalimu, na fundi redio pia, ingawa hakujui. Mpe shemeji mkono wangu. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mwema na riziki isiyo na majuto.

Ukikipata hicho kiatu, njoo. Upande wangu nimeuweka usubiri bila kikomo.

Wako akupendaye siku zote,
Kaka Bisibisi