Usiku wa Alhamisi

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini zinakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukuamsha. Sisi huku tupo. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, lakini wewe umenilea nusu, ungejua mara moja kwamba nadanganya, kwa hiyo naandika tu kwamba tupo. Mwandiko usikushtue. Kalamu nimeazima kwa muuza nyama, ina mafuta.

Katika barua yako uliuliza kama ubao wa shemeji yako umeng'olewa. Haujang'olewa. Uko pale pale kwenye ukuta wa soko, karibu na bomba, na ninayeuandika sasa ni mimi. Sikupanga iwe hivyo. Asubuhi ya kwanza baada ya kumzika mume wangu na watu kutawanyika msibani, nilipita kununua chumvi, nikawakuta watu kadhaa wamesimama mbele ya ubao mtupu, wanautazama kana kwamba maandishi yamechelewa tu njiani. Nilishindwa kuwapita. Nikarudi nyumbani kuchukua chaki.

Unakumbuka alivyoupanga. Juu kabisa tarehe, kisha "Siku kama ya leo", yaani mambo ya zamani ya hapa mjini: mwaka ilipoletwa mashine ya kusaga, mwaka soko lilipoungua, siku mbuzi wa mwalimu mkuu alipoingia ofisini akala mitihani. Halafu "Je, wajua?", halafu fumbo, na chini kabisa habari za mtaani: nani kajifungua, nani kapoteza ufunguo, bomba gani limekauka. Elimu yangu unaijua, kaka. Mambo ya zamani nayapata kwa kuwauliza wazee wanaongoja zamu ya maji, na wao hawakubaliani hata mara moja. Lakini watu ni wema. Juzi niliandika kwamba pweza ana mioyo mitatu, na fundi cherehani akasema kwa sauti kwamba mwenye nyumba wake hana hata mmoja. Fumbo la wiki iliyopita liliuliza neno la herufi tano linalomfunga mbuzi, ambalo ukibadilisha herufi moja tu linamla. Muuza nyama aling'ang'ania kwamba ni simba. Nilipomwambia kamba na mamba, akasema hilo si fumbo, ni wizi. Nilicheka, kaka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tuzike, na nilipofika nyumbani niliona aibu.

Sasa nikueleze linalonifanya nikuandikie leo.

Jumanne tarishi wa ofisi ya maji aliniletea karatasi ya kunakili ubaoni. Iliandikwa kwamba bwawa limejaa, kwa hiyo milango yake itafunguliwa usiku wa Alhamisi, na wote walio kando ya mto wahame kwa usiku huo. Basi. Nilinyanyua chaki, nikaishusha. Karatasi kama ile ingemfanya shemeji yako avue miwani amwambie tarishi, "Usiku upi?" Aliuliza hivyo siku zote, iwe ni tangazo la harusi au la mwizi, mpaka mji mzima ukamwita Bwana Upi. Maana kwetu sisi tuliolelewa na bibi, usiku wa Alhamisi ni ule unaoizaa Alhamisi: jua la Jumatano likizama, umeshaingia. Vijana na watu wa ofisini wao usiku wa Alhamisi ni ule unaokuja Alhamisi yenyewe ikishakwisha. Wote tunatamka maneno yale yale, na wote tuna hakika. Kwa harusi, kosa hilo linakufanya ukose pilau. Kwa maji ni jambo jingine.

Mwanangu, mpwa wako, na wenzake wana tanuri la matofali chini kule, ukivuka daraja la mbao, karibu na mto kiasi kwamba wakikaa kula wanaosha mikono bila kusimama. Walikuwa wameliwasha Jumatatu. Tanuri likishawashwa haliachwi. Wanalilisha kuni mchana na usiku kwa zamu, wanalala palepale, na likipoa katikati matofali yanapasuka na kazi ya miezi inageuka kifusi. Nilipoisoma ile karatasi, mtu wa kwanza niliyemuona akilini alikuwa yeye, amelala chali kwenye gunia, miguu imeelekea mtoni.

Nikaenda ofisi ya maji. Karani alinipokea vizuri, akanipa pole ya msiba, akanipa na kiti. Nikamuuliza ni usiku upi. Akasema usiku wa Alhamisi ni usiku wa Alhamisi, mama, kama ilivyoandikwa, yaani Alhamisi watu wakishakula. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akaingilia, akasema hapana bwana, ni kesho Jumatano likizama jua, kwani huo usiku wa kesho ni wa nani? Karani akamwambia alinde lango, kalenda amwachie yeye. Mlinzi akajibu kwamba hata lango hufungwa usiku, lazima ajue ni usiku wa lini. Wakabishana hivyo mimi nimekaa katikati na mkoba wangu mapajani. Niliomba wapige simu bwawani. Karani akapiga, ikavuma tu kama nyuki ndani ya debe, nguzo zimeanguka kwa mvua. Aliyeandika tangazo ni injinia, na injinia yuko huko huko bwawani hadi Ijumaa.

Kaka, ungefanya nini? Mimi nilichagua usiku wa mapema. Jumatano asubuhi nikaandika kwa herufi kubwa, "Usiku wa leo Jumatano, kuamkia Alhamisi," na fumbo siku hiyo sikuweka. Watu wa bondeni walipanda wote hadi shuleni na masufuria, kuku, vitanda. Mpwa wako alifika wa mwisho, uso umemvimba kwa hasira, kwa sababu wenzake walipoondoka hakuweza kulilisha tanuri peke yake. Alilala mlangoni mwa darasa la tatu. Mimi nilikaa naye, naye alijifanya amelala.

Asubuhi ya leo tulishuka kuangalia. Mto ulikuwa umepanda, ndiyo, hadi kwenye mawe ya kufulia, ukayalowanisha, ukarudi. Basi. Watu wakatazamana, kisha mmoja akaanza kucheka na wengine wakafuata. Karani alipita na baiskeli akasema huenda ndiyo yenyewe hiyo, milango imeshafunguliwa, tumshukuru Mungu. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliniambia Alhamisi watu wakishakula. Akasema mama, maji si hayo umeyaona? Hata kabla sijafika sokoni nilikuwa nimeshapewa jina. Muuza nyama aliniita Mama Gharika, akaniuliza kama nyama yake aifunge kwenye karatasi au kwenye boti. Hana ubaya, ndiye aliyenipa kalamu hii. Lakini watu wote wamerudi bondeni na vitanda vyao.

Mpwa wako alikuja ubaoni wakati naandika. Upande mmoja wa tanuri umepoa na matofali ya upande huo yamekwisha. Wamewasha upya ili waokoe yaliyobaki, na leo haondoki mtu. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alisimama karibu kabisa, akasema polepole, watu wakisikia:

"Mama, baba amekufa kitandani. Mto haukumuua. Acha kututisha."

Kisha akaniokotea chaki iliyoniponyoka, akanipa, akaenda zake.

Nilishuka tena mtoni peke yangu, nikasimama mbali kama kawaida yangu. Maji ya usiku yameacha alama nyekundu kwenye mawe, na majani mabichi na vijiti, kama mvua yoyote ya huko juu. Mwaka ule milango ilipofunguliwa, kabla hujahamia huko, shemeji yako alinipeleka darajani nikaone. Maji yale yalikuwa meusi na ya baridi, yananuka tope la chini lililokaa miaka, na yalikuja kwa mkupuo, hayakupanda polepole. Alinishika mkono wa nguo, nguo ikachanika, hadi leo ninayo. Kwa hiyo moyo wangu unaniambia ya jana yalikuwa mvua tu, na yenyewe hayajaja. Nimerudi kwa karani nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nipumzike, nimepitia mengi.

Na ni kweli, kaka. Tangu msiba naogopa kila kitu. Kifuniko cha sufuria kikianguka nasimama. Mtu akibisha hodi moyo unanidunda kabla sijajua ni nani. Kijana akikohoa natega sikio nihesabu kama atakohoa tena, maana baba yake alianza hivyo hivyo, kikohozi kidogo ambacho sote tulikilaumu vumbi la chaki. Wakati ule sikuogopa hata kidogo. Nilimwambia anywe maji ya moto. Sasa hofu ambayo sikuwa nayo siku ile imenijia yote pamoja, imechelewa, na haina mtu wa kumhudumia. Nikiitazama siwezi kuitenganisha: ipi ni ya mto na ipi ni ya kitanda kile.

Ila jua halingoji nijue. Nilirudi ubaoni mchana, nikafuta habari za mtaani, nikaandika nyingine. Nakunakilia ujionee: "Mwandishi wa ubao huu hapandi shuleni leo. Anahamia tanurini na godoro lake, hadi Ijumaa asubuhi." Fundi cherehani alisoma, akaniuliza kama hilo ndilo fumbo. Nikasema hapana. Akaondoa futi yake shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Kuna mama mmoja wa bondeni asiyejua kusoma, alimuomba amsomee mara mbili. Baadaye nilipochungulia upande wa kwake nilimuona anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Mwanangu bado hajui. Namfahamu, maneno yangu hayatamuondoa pale, na sasa yana aibu juu yake. Lakini mimi na magoti yangu haya, juu ya godoro, kando ya mto ninaouogopa tangu utotoni, hataweza kunitazama usiku kucha. Atanibeba anipandishe huku akinitukana, na akishanibeba atakuwa ameshapanda na yeye. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Sina nyingine.

Na sasa nikuambie wewe peke yako lile ambalo sikuliandika ubaoni. Sijui kama nakwenda kumtoa. Nikiwa mkweli, huenda nakwenda kwa sababu siwezi tena kukaa katika nyumba ile nikisikiliza mlango, nikingoja kujua kama mtu wangu ni mzima. Nilingoja hivyo mara moja. Kama maji yatakuja, nataka yanikute ninamuona. Kama hayatakuja, nitakuwa nimechekwa mara ya pili, na kuchekwa nimeona hakuui. Usimwambie wifi sehemu hii. Mwambie tu ninamshukuru kwa kitambaa alichonitumia, kimenitosha.

Najua barua itakufikia usiku wenyewe ukiwa umeshapita, na utakuwa unasoma hofu ambayo mimi huku nimeshajua mwisho wake. Usifunge safari kwa ajili yake. Dereva wa basi anayeileta nimemuomba apite sokoni Ijumaa kabla hajaondoka huku, aangalie ubao. Ukiwa na maandishi mapya, atakuambia. Yeye pia ni mtu wa kusoma lile fumbo.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina, hasa yule mdogo aliyeniuliza kama tembo anaweza kuruka. Mwambie hawezi, shangazi amehakikisha. Goti lako lipashe moto, wala usilikaze. Nami nakutakia usiku mwema, wowote ule utakaokuwa unasoma haya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.

Mwenye mkokoteni ameshafika. Amelifunga godoro kwa kamba, anauliza kama nalipia kwenda tu, au kwenda na kurudi. Nimemwambia na kurudi, na watu wawili.