Neno la Pointi Sita

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 214.
9 Juni.

Mpendwa dada yangu Kinanda,

Hujambo huko uliko? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kusimama kutwa nzima na pasi kwenye hayo mashuka ya hoteli? Mimi mzima, ila nimejigonga nyundo kidole gumba, ndiyo maana mwandiko unakwenda upogo. Mama naye hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi uko palepale. Jana kamfokea muuza maziwa mpaka nikamwonea huruma.

Kadi yako ilifika mwezi wa nne. Chini kabisa, kama kawaida yako, ulimalizia kwa Kiingereza ili kunipima: “I pine for home.”

Sasa nisikilize, na usianze kucheka. Mimi hiyo pine naijua, ni paini. Ndiyo mbao ninayoiranda kila siku, harufu yake naikuta hadi kwenye chai. Nikaona umebana maneno kwa sababu kadi ni ndogo: unataka paini, za nyumba. Nikamsomea mama hivyohivyo, kwamba Kinanda anarudi kujenga.

Ungemwona! Alitoka mbio pekupeku kwenda kumwambia jirani yetu fundi cherehani. Kesho yake akanihamishisha banda la kuku, eti hapo nyuma ni kiwanja chako. Nami nikachagua mbao kumi na nne zisizo na vifundo, nikaziranda, nikaziegemeza ukutani. Kila jioni mama anakuja kuzipangusa vumbi na kuniuliza kama umeandika tena.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nacheza ule mchezo wetu wa vibao vya herufi na yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kamusi. Nikapanga PINE. P ni pointi tatu, nyingine moja moja, jumla sita. Nikajitapa kwamba neno ni dogo lakini linajenga nyumba, nikamsimulia habari ya kadi. Kamusi akavua miwani.

“We fundi, hayo ni maneno mawili,” akasema. “La mti limetoka Kilatini. Hilo jingine ni la Kiingereza cha kale, lilikuwa na maana ya kutesa. Lina ukoo mmoja na ‘pain’, maumivu. Siku hizi ni kukonda kwa hamu. Dada yako haombi mbao, bwana. Anawalilia.”

Nilibaki na kibao mkononi. Neno zito namna ile, pointi sita! Hata nani alishinda sijui. Nilijionea aibu, dada. Miaka sita uko huko hujawahi kulalamika hata mara moja, na siku uliyofungua moyo, mimi nikakuchukulia vipimo vya nyumba.

Basi nami niseme langu. Nina hamu na wewe mpaka najishangaa. Kuna wakati nageuka nikuambie kichekesho cha mteja, nakuta msumeno tu. Sikuwahi kukuandikia haya kwa sababu nilidhani umeshazoea kutokuwa nasi.

Kumwambia mama kulinitoa jasho. Ilibidi nivae miwani ya mbao, na miwani hiyo fundi seremala hainunui. Nikamweleza yote, la mti na la mateso. Nilitegemea nipewe vipande vyangu papo hapo. Hakufoka. Aliketi juu ya benchi langu, kitambaa chake cha vumbi mapajani.

“Kwa hiyo harudi?”

“Hajasema, mama.”

Akakikunja kile kitambaa. “Na huko kukonda, ni kwa hamu ya hapa?”

“Ndiyo, ya hapa.”

“Basi muulize anangoja nini.”

Ndiyo nakuuliza. Habari ya kujenga iache, hakuna aliyekuwa anataka nyumba. Ukijibu, jibu kwa Kiswahili, mama asikie maneno yako mwenyewe. Na kama jibu ni kwamba huji, liandike pia. Safari hii nitamsomea ulivyoandika, hata sauti ikinikatika.

Fundi cherehani anakusalimu sana, na shangazi pia, anayesema umemsahau. Kamusi anasema hajasahau ulivyomshinda kwenye vibao, anangoja kulipiza. Mungu akupe mgongo imara na akufungulie njia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukonda kama wewe,

Fundi.