Milimita Tatu

Jumatano, 4 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Natumaini vumbi la huko halijakurudishia kile kikohozi. Sisi ni wazima. Bibi goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui. Anakusalimu na anasema ukirudi bila sufuria yake uliyoondoka nayo utalala nje.

Ndani ya kifurushi hiki ninachompa dereva wa lori la maji kuna kitu nimekutengenezea kwa mikono yangu. Ni pawa benki. Uliandika kwamba huko machimboni hakuna mtandao, jenereta inawashwa kwa saa mbili tu kila jioni, watu ishirini mnagombea soketi, na simu yako inazima kabla hujamaliza kusikiliza ile rekodi ya Bibi akikugombeza. Sasa ichaji jioni, halafu yenyewe itakuchajia simu mpaka jioni inayofuata.

Humo ndani kuna seli sita nilizozitoa kwenye betri za laptopu mbovu za shuleni. Nilizipima moja moja kwa mita, zilizochoka nikaziweka kando. Kasha nililichora mwenyewe kwenye kompyuta, mashine ya karakana ikalichapa kwa plastiki ya kijani, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa saa saba. Kila mwanafunzi anaruhusiwa kuchapa mara moja tu kwa muhula, maana plastiki ni ya kugawana. Ndiyo sababu nilitumia nafasi yangu vizuri, nikaandika KWA BABA kwenye mfuniko. Mwalimu wa karakana aliligeuzageuza mkononi akasema, "Hili ungelikuta dukani ungelinunua." Darasa zima likanitazama. Unanijua. Nilitamani niingie humo humo ndani ya kasha nifunge mfuniko.

Sharti ni moja. Usiichaji zaidi ya zile saa mbili. Jenereta ikizimwa, nawe chomoa. Usiniulize kwa nini, fuata tu kama unavyofuata maelekezo ya dawa.

Binti yako


Jumapili, 15 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Kifua kimetulia. Masomo yanaendaje? Unakula, au unasoma tu? Mwambie Bibi sufuria yake ipo, imepata kovu dogo.

Nilipofungua kifurushi watu walinizunguka kama nimeletewa mtoto mchanga. Yupo mmoja tunamwita Spika, kwa kuwa hazimi. Akauliza, "Hii umenunua wapi?" Nikamwambia, "Haiuzwi. Soma juu hapo." Akasoma, akasema, "Basi na mimi nitafute binti." Mpishi akamjibu, "Tafuta mke kwanza." Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuangalia kuna nini.

Zaidi ya wiki sasa simu yangu haijazima. Sharti lako nalifuata kikamilifu. Mpishi ana soketi yake kwenye ghala la jiko, ameniachia niitumie bila foleni. Ni mtu mwema sana. Jenereta ikinyamaza tu, nachomoa.

Na sasa habari njema. Tumeletewa jenereta mpya, kubwa, haina kelele. Fundi anasema Ijumaa itaanza kazi, na itawaka tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo zile saa mbili zako zimepitwa na wakati. Nikienda kwenye mashine yangu ya kusaga mawe asubuhi nitaiacha ghalani imechomekwa, nikitoka jioni naikuta imejaa pomoni.

Nimewaambia wote kwamba binti yangu haongei sana, lakini mtazameni anachofanya akinyamaza. Usinune. Nakusifu tu.

Baba yako


Jumatatu, 16 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Tafadhali usiichaji kwa jenereta mpya. Kama sasa hivi imechomekwa, weka barua chini, nenda kaichomoe, ndipo urudi usome.

Kuna kitu sikukwambia. Ndani ya pawa benki inatakiwa iwepo saketi ya ulinzi. Ni kitu kidogo, kama kucha mbili za kidole gumba, na kazi yake ni kukata umeme seli zikishajaa au zikipata moto. Yako haina. Nilikuwa nayo mkononi. Nilipochora kasha nilipima seli, nikapima tundu la waya, saketi nikaisahau. Kasha lilipotoka, mfuniko ukagoma kufunga kwa milimita tatu. Milimita tatu, Baba. Nafasi yangu ya kuchapa ilikuwa imekwisha. Ningeweza kumwambia Mwalimu nimekosea vipimo. Ningeweza kulizungushia tepu hivyo hivyo likiwa wazi. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kuonyesha kazi, na mimi kusimama mbele ya watu na kitu kisichofunga, mfuniko umeandikwa KWA BABA, sikuweza. Nikaing'oa saketi, nikaunganisha waya moja kwa moja. Mfuniko ukafunga. Mwalimu alilitazama kwa nje tu, hakufungua ndani.

Nilipiga hesabu. Kwa saa mbili haiwezi kujaa hata nusu, na mchana unaitumia. Nikajiambia haina ubaya. Ndiyo lile sharti.

Leo baada ya kusoma barua yako nilikaa nikuandikie hatari yenyewe ni ipi. Maonyo yote nayajua, nimeyasoma shuleni kwa lugha ya shule, na kwenye mtihani nilipata alama zote. Lakini ili wewe unielewe ilibidi niyaweke kwa lugha tunayoongea nyumbani. Nikaandika: betri itavimba, itatoa moshi, itawaka, na ukiimwagia maji kidogo haitazima. Nikaweka kalamu chini. Kwa lugha ya shule hapakuwa na mtu karibu na ile betri. Kwa lugha yetu ulikuwepo wewe.

Iweke nje kwenye mchanga, mbali na mnapolala. Usiitoboe, usiifungue. Nisamehe.

Binti yako

Alhamisi, 19 Machi. Naongeza hapa. Nimekwenda yadi ya malori kumpa dereva barua hii, lori la maji limeharibika. Dereva yuko chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. Nimemuuliza ataondoka lini, amesema, "Iulize gia boksi, haisemi na mimi tena."

Kutoka hapo nikaenda ofisi ya kampuni, kwa sababu wana simu ya upepo ya kuongea na machimbo. Kulikuwa na foleni ya watu sita. Zamu yangu ilipofika karani akasema, "Haya binti, sema." Wote wakanigeukia. Sentensi nzima nilikuwa nimeikariri njia nzima. Nikafungua mdomo nikasema, "Naulizia lori." Akasema, "Limeharibika." Nikasema asante, nikatoka.

Kesho nitarudi.


Jumapili, 22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Bibi hajambo? Mimi sijambo, sina hata mchubuko. Naanza na hilo ili usitetemeke. Lori halijaonekana wiki hii, kwa hiyo barua hii naituma kwa gari la msimamizi linalompeleka Mpishi hospitali.

Jana saa nane mchana ghala la jiko liliungua. Niliuona moshi nikiwa juu ya mashine, nikadhani ni vumbi, kisha nikaona rangi yake. Tulipofika, Mpishi alishaingia mara mbili akatoa mitungi miwili ya gesi. Akaingia mara ya tatu kufuata wa mwisho. Alitoka nao, lakini mkono wa kulia umeungua mpaka juu ya kiwiko. Ile mitungi ingebaki humo, sijui nani angekuandikia.

Pawa benki ilikuwa humo ghalani, imechomekwa tangu asubuhi. Pembe ile ndiyo iliyoungua kuliko zote. Nililikuta kasha limeyeyuka, nikalificha ndani ya shati, nikaenda kulizika nyuma ya choo. Msimamizi alipouliza humo ndani kulikuwa kumewashwa nini, nikasema sijui, labda jiko. Spika alinitazama, akanyamaza. Kumnyamazisha Spika si jambo dogo.

Sasa inasemwa Mpishi aliacha jiko linawaka. Akipona hatarudishwa kazini.

Usimwambie mtu yeyote, hata Bibi. Wewe ni mtoto, ulinitengenezea kwa mapenzi, ukanipa na sharti, mimi ndiye niliyelivunja. Ukimaliza kusoma choma barua hii. Kazana na masomo.

Baba yako


Jumatano, 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru hujaungua. Nimeiandika sentensi hiyo mara nne na kila mara inanitia aibu, kwa sababu kuna aliyeungua.

Barua yako sikuichoma. Wala wewe hukulivunja sharti ukijua. Nilikuandikia tarehe 16 nikakueleza kila kitu, barua nikabaki nayo kwa sababu ya lori. Nakala yake iko nyuma ya hii, isome. Humo nimesema kesho nitarudi ofisini. Nilirudi. Nilisimama getini Ijumaa yote, watu wakiingia na kutoka, mpaka mlinzi akafunga akaniuliza kama namsubiri mtu. Moto ulikuwa Jumamosi. Hilo hakuna anayelijua ila wewe sasa.

Jana nilikwenda hospitali. Bibi alitaka kunisindikiza, nikamwambia nitakwenda peke yangu. Akasema, "Wewe? Peke yako? Haya, goti langu linakushukuru." Sikumwambia nafuata nini.

Mpishi yuko kitanda cha dirishani, mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Nilisimama miguuni pa kitanda. Akaniambia, "Umepotea, binti?" Nikasema hapana. "Basi kaa, kiti hakina kiingilio." Sikukaa. Nikamwambia nikitazama sakafu kwamba mimi ni binti wa yule wa mashine ya mawe, kwamba pawa benki niliitengeneza mimi, niliitoa saketi ya ulinzi ili mfuniko ufunge, na ndiyo iliyowaka. Si jiko lake.

Aliitazama bandeji yake. Halafu akauliza, "Una hakika?"

"Ndiyo."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena, yote, tangu mwanzo. Akafumba macho. Akasema, "Siku tatu hizi najiuliza jiko nililizima au sikulizima. Nimejiuliza mpaka nikaanza kujiona ninaliacha linawaka. Nilishaanza kuona hata sufuria iliyokuwa juu yake."

Mpaka hapo sikuwa nimelia.

Kisha akauliza, "Baba yako anajua?" Hapo ndipo nilipokaa kwenye kile kiti. Nikasema anajua. Aligeuza uso dirishani. "Nilimpa soketi yangu," akasema.

Msimamizi alikuwa kwenye korido anajaza fomu. Nilimpa barua yangu ya tarehe 16. Nilipoanza kumweleza akaniambia, "Sikusikii, ongeza sauti," nikaongeza, na wauguzi wakasikia, na wagonjwa wa kwenye benchi wakasikia. Ya kwako ya tarehe 22 sikumpa. Hiyo ni yako. Lakini aliniuliza kama ulijua moto ulikotoka, Baba, na kusema hukujua sikuweza.

Najua nimekuharibia kazi. Gari lake linarudi huko kesho, na barua hii imo. Nimemwomba akupe uisome kabla hajakuita. Amekubali.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa kuniandikia. Usikae kimya tu.

Binti yako


Jumapili, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwili ni mzima. Msalimie Bibi, na sasa mwambie yote, asije akayasikia sokoni.

Msimamizi alinipa barua yako mkononi, akaenda kukaa juu ya jiwe kunisubiri nimalize. Ijumaa nzima na jana sikutaka kukuandikia. Nilikuwa na hasira, nisikudanganye. Nilijiuliza ni mtoto gani huyu namfunika shuka, yeye analitoa. Hata kula sikula. Si kwamba tuna chakula cha maana, Spika ndiye anayepika.

Leo asubuhi nililifukua lile kasha, nikaenda nalo mbele ya wote, nikasema lilikokuwa na aliyelizika. Spika akasema, "Nilijua," akaishia hapo. Mpishi kazi yake ipo, na matibabu yatalipwa na kampuni. Mimi nimeachishwa. Msimamizi aliniambia kwa moto peke yake asingenifukuza.

Barua hii inatangulia na gari lake. Lori limetengenezwa, natoka nalo Jumanne, na nitashukia hospitali kabla ya nyumbani. Tangu jana napanga nitakachomwambia Mpishi. Nafika kwenye "ndugu yangu" nakwama. Miaka yote nawatania watu kwamba binti yangu haongei, na sasa mimi mwenyewe natafuta mdomo.

Nisubiri mlangoni pa wodi saa kumi. Tukiingia, anza wewe.

Baba yako