Mama, Yule Kaa wa Krimu ni Wako

Leo unatimia mwaka mmoja, Mama, tangu ulipovua aproni yako iliyolowa, ukaitundika msumarini, ukasema unajinyoosha kidogo halafu utaamka kupika. Hukuamka.

Dada yetu mkubwa alisema tuandike maneno matamu tu, kama wanavyoandika wengine gazetini. Tumejaribu. Lakini wewe ulitujua hata kwa kukohoa, kwa hiyo hatutakuficha: tunakukumbuka tukiwa na hasira.

Ulikuwa mwosha vyombo wa hoteli kwa miaka ishirini na miwili. Kazini walikuita Mama Sabuni, nawe ukaitika. Ulijua sufuria ipi imeunguzwa na mpishi yupi, na hukumsemea hata mmoja. Ulirudi nyumbani na vidole vimekunjamana kwa maji, na kabla hujakaa uliuliza nani hajala.

Jumapili ilikuwa siku yako. Ulichambua nyama ya kaa kwa mkono, umefumba macho, ukisema vidole vinaona gamba kuliko macho. Ukaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuikamua mpaka kitambaa kiache kuchuruzika, maana kaa mwenye maji anaifanya krimu ikatike. Kamba uliwakatakata, ukawapitisha kwenye siagi na kitunguu saumu. Wakibadilika rangi tu, unaepua. Kisha unga kidogo kwenye siagi ileile, maziwa taratibu huku unakoroga, krimu, jibini, pilipili manga, na ndimu mwishoni kabisa. Unachanganya vyote bakulini, chenga za mkate juu, unaingiza kwenye oveni mpaka juu pawe rangi ya dhahabu na pembeni pachemke. Tulimla kaa huyo wa moto kabla ya chakula chenyewe, tukichovya mkate na kuungua ndimi.

"Pulizeni jamani!" ulikuwa ukisema. "Kaa ameshakufa, hakimbii!"

Oveni ile aliitengeneza mjomba, ndugu yako mchomeleaji, kwa pipa. Mlango wake haufungi sawasawa. Upande wa kushoto unaunguza wakati wa kulia haujapata habari. Ukimwambia, ananuna.

"Oveni haina kosa, dada. Bakuli lako ndilo lina upande."

Basi hukubishana naye. Ukawa unaligeuza bakuli mara tatu, kila baada ya dakika saba, ndugu yako asiaibike.

Dada yetu alipojifungua, wenzako wa kazini walikuja kumpongeza, na mpishi mkuu akiwamo. Alikula mabakuli mawili. Kesho yake akakuuliza, nawe ukamtajia hatua moja moja, mikono yako ikiwa kwenye povu, yeye anaandika. Ulirudi unacheka peke yako. "Leo mpishi mkuu ameniuliza mimi!" Haikupita miezi miwili kaa wa krimu akawa kwenye menyu, juu kabisa katika vyakula vya kuanzia. Wewe hukutajwa popote. Tulipolalamika ulisema, "Si watu wanakula? Basi." Ukaendelea kuyaosha mabakuli yake kwa miaka sita.

Tulinyamaza kwa sababu ulinyamaza.

Lakini mwezi uliopita hoteli ilitoa kalenda. Ukurasa wa kwanza kabisa, mpishi mkuu ameshika bakuli la kaa, anatabasamu, na chini yameandikwa maneno yake: chakula hiki alifundishwa na mama yake mzazi. Mama yake! Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma tena.

"Kumbe mke wangu alikuwa na mtoto mwingine," alisema, "nami sikuambiwa." Akaingia chumbani. Siku hiyo hakula.

Wiki ileile mwanao wa mwisho alitumwa hotelini kuwaalika wenzako wa sinki kwenye kumbukumbu hii. Unamjua vizuri. Ni yule wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakiingia, wa kuitikia salamu kwa kidevu. Alipita mlango wa nyuma, na jikoni akamkuta mpishi mkuu akiwafundisha wapishi wapya kupika kaa huyohuyo.

"Dakika saba, geuza. Dakika saba, geuza. Mara tatu! Asiyegeuza asinipikie."

Mwanao alishika fremu ya mlango.

"Shikamoo, mpishi. Mnaligeuza kwa nini?"

Jiko zima likamtazama yeye.

"Aa, mtoto wa Mama Sabuni! Marahaba. Hiyo ndiyo siri yenyewe, binti. Mama yangu aligeuza, nami nageuza."

"Lakini oveni hii ina feni. Moto wake unazunguka."

"Mapishi hayana kwa nini. Ulikuja kufanya nini?"

Alitaka kukimbia, Mama. Miguu ilishaanza. Ila aliliona sinki lako pale ukutani, na mwanamke asiyemjua ameliinamia, na sauti ikamtoka, ndogo lakini imetoka.

"Oveni ya kwetu inaunguza kushoto. Ndiyo maana mama yangu aligeuza. Na mama yako, mpishi, oveni yake naye alitengenezewa na mjomba wetu?"

Mtu mmoja kwenye masufuria aliangua kicheko, akakimeza.  Mpishi mkuu aliitazama ile oveni yake inayong'aa kana kwamba ndiyo iliyomsema.

"Toka," akasema. "Hapa ni jikoni, si mahakamani."

Mwanao alitoka. Alilia nyuma ya mapipa ya takataka mpaka kwikwi ikamshika, na njia nzima alijilaumu kwamba amewaudhi wakubwa. Sisi tulipoambiwa tulimpikia chai na kumkalisha katikati yetu kama mgeni wa heshima. Hasira yetu ilikuwa kwa mwingine.

Habari zilimfikia meneja. Wiki iliyopita alikuja nyumbani na kuketi kwenye kiti chako bila kuonyeshwa. Alisema mpishi mkuu "alisahau kidogo". Kusahau kidogo! Mtu anasahau ufunguo, anasahau mwavuli. Anasahauje ni nani mama yake? Kisha akasema, kwa uso wa mtu aliyeleta zawadi, kwamba hoteli imekubali kutundika picha yako jikoni, juu ya sinki.

Sote tulitafuta jibu lenye adabu. Aliyelipata ni yuleyule wa pazia.

"Mama amekaa huko miaka ishirini na miwili," alisema akiangalia sakafu. "Mtoeni nje kidogo. Mwandikeni kwenye menyu."

"Tuandikeje?"

"Kilibuniwa na mwosha vyombo wa hoteli hii."

Meneja alikohoa. "Binti yangu, wageni wakisoma mwosha vyombo watafikiri nini?"

"Watafikiri alikuwa na mikono safi," Baba akasema.

Meneja alisema atalipeleka kwa wakubwa. Mpaka tunaandika haya, menyu ni ileile na kalenda bado iko mapokezi.

Kwa hiyo hatuwangoji. Tunaandika hapa, kwenye gazeti ambalo wageni wao hulisoma wakinywa chai: yule kaa wa krimu mnayemfuata kutoka mbali alibuniwa na mwosha vyombo, siku yake ya mapumziko, kwa ajili ya watoto wake. Hakufundishwa na mtu. Namna ya kumpika tumeieleza hapo juu, hatukubakiza kitu. Mpikeni majumbani mwenu, mle mshibe. Mkiulizwa mmefundishwa na nani, semeni kweli.

Mama, wanaokukumbuka ni mume wako fundi baiskeli. Binti yako mkubwa, mumewe na mjukuu wako. Mwanao wa kiume aliye safarini. Ndugu yako mchomeleaji. Wenzako watatu wa sinki, walioomba kutajwa wakijua kabisa meneja atasoma. Na kitinda mimba wako, aliyeombwa na sote aishike kalamu hii.

Kukusahau hatutakusahau. Kunyamaza ndiko tulikoacha.